Aliyempima Mama Mdogo Macho

"Uzi wa siku hizi wa ovyo." Mama mdogo alianza hivyo. Analamba ncha, anaikaza kwa vidole viwili, anaipeleka kwenye tundu la sindano, inapita pembeni. Baadaye ubovu ukahamia kwenye sindano zenyewe, eti zinatengenezwa na watu wasio na huruma. Baadaye ukahamia kwenye taa. Baba mdogo akabadilisha taa, akaweka kubwa iliyotuchoma utosi sote watatu, na uzi ukaendelea kupita pembeni. Hapo akasimamisha cherehani, akamtazama mkewe ng'ambo ya meza ya kukatia.

"Bibie, tumeshitaki uzi, tumeshitaki sindano, tumeshitaki taa. Amebaki nani?"

"Umebaki wewe. Unanizibia mwanga."

"Basi nihukumiwe," akasema, akasogea. Mwanga haukuongezeka.

Walikuwa mafundi wa nguo, mume na mke, katika chumba kimoja chenye mlango unaotazama barabara. Mbele kazi, nyuma pazia, na nyuma ya pazia ndiko tulikolala. Baba mdogo alipima na kukata. Mama mdogo alimalizia: pindo, kola, na matundu ya vifungo, ambayo aliyashona kwa mkono, uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, yakatoka kama yameota yenyewe. Kuna watu walileta koti lililonunuliwa dukani, zima kabisa, ili yeye afumue matundu ya kiwandani aweke yake.

Mtaani baba mdogo aliitwa Mzee Tepu, maana tepu ya kupimia haikumtoka shingoni. Walisema analala nayo. Mama mdogo alikubali kuwa ni kweli, akaongeza kwamba siku moja nusura imnyonge yeye. Mzee Tepu hakuandika vipimo. Alipima mara moja, akamtazama mtu kidogo, akasema njoo siku fulani. Nguo ilikaa. Kama haikukaa alikuwa na neno lake: "Nguo yangu ikirudi, ujue kilichorudi ni tumbo."

Walivyokutana, mama mdogo alinisimulia mara nyingi, na mara zote alisimulia huku anashona ili asinitazame. Alikuwa msichana. Alileta gauni la marehemu mama yake lipunguzwe. Fundi, kijana mwembamba, akampima kiuno. Akampima kiuno tena. "Hapo nikajua huyu kijana amepotea," mama mdogo anasema, "kwa sababu nilikuwa nimekaa kwenye benchi tangu asubuhi namwangalia, hakuna mtu aliyempima mara mbili."

Mungu hakuwapa mtoto. Mama yangu, dada yake mama mdogo, alipofariki, wakanichukua mimi. Shule nilikuwa nimeifikisha darasa la nne. Nilisoma kidogo tena huko mtaani kwao, halafu basi. Baba mdogo akanipa pasi, akanionyesha mishono inavyolazwa, na tangu hapo kona ya pasi ni yangu. Ukisimama kwenye pasi watu wanakusahau. Unasikia kila kitu.

Sasa yale macho. Wapima macho walikuja siku moja kwenye ukumbi wa karibu, mama mdogo akapanga foleni na wazee. Akarudi na karatasi yenye namba za jicho la kulia na la kushoto. Miwani ya nguvu ile hawakuwa nayo. Wakamwambia anaweza kuagiza popote kwa karatasi hiyo.

Kwenye kibanda cha pili kutoka kwetu kulikuwa na dada mmoja anayeuza vocha na kuwaagizia watu vitu kwa simu: viatu, mawigi, hata godoro liliwahi kufika limeviringishwa kama mkate. Tulimwita Mtandao. Ana roho nzuri na mdomo usiofungwa. Alijaza namba zote, akafika mahali akakwama. Simu inataka kujua umbali kati ya mboni ya jicho hili na mboni ya jicho lile. Kwenye karatasi haupo.

Mama mdogo alirudi na swali hilo siku ya mvua. Tulikuwa tumefunga mlango mapema kwa sababu maji yalikuwa yanaingia. Ndani tulikuwa watatu tu.

"Huyo binti kasemaje?" baba mdogo akauliza.

"Kasema kuna picha. Mtu anashika rula mbele ya macho, anasoma."

"Rula!" Alicheka hadi akakohoa. "Rula inapima daftari, bibie. Inapima ubao. Mtu ana milima na mabonde yake, huwezi kumrukia kwa rula. Mtu anapimwa kwa kufuatwa alivyo."

Na huo ndio ulikuwa ufundi wake wote. Tepu haivutwi angani kama kamba ya kuanikia. Inalala kwenye mwili, inapanda na bega, inashuka na mgongo. Waliovuta angani, nguo zao zilibana, wateja wakahamia kwetu. Akamkalisha mama mdogo chini ya taa. Akaweka ncha ya tepu chini ya jicho la kushoto, sawa na mboni, akaishusha ubavuni mwa pua, akaipandisha juu ya mfupa, akaishusha upande wa pili, akaifikisha kwenye jicho la kulia. Aliisindikiza kwa kidole gumba isiruke mahali.

"Tulia, unatikisa pua."

"Pua yangu inakuhusu nini?"

"Iko njiani."

Mama mdogo akaanza kucheka, tepu ikateleza, ikabidi waanze tena.

"Niongeze kidogo ya kunenepea?"

"Macho yananenepa?"

"Yako? Kwa vile yanavyotazama sahani yangu?"

"Fundi, pima uondoke usoni kwangu."

Akapima. Lakini hakuondoka usoni kwake. Alibaki ameinama, mkono mmoja shavuni kwa mkewe, na tepu ikaachia.

"Kumbe jicho hili lina doa la kahawia."

"Leo ndiyo umeliona? Miaka yote hii?"

"Nilikuwa naangalia kiuno."

Nikageukia pasi yangu. Shati nililokuwa nalinyoosha lilikuwa limeshanyooka, nikalinyoosha tena.

"Sentimita saba na nusu," alisema baba mdogo. "Na miwani hiyo hairudi."

Mvua ilipokatika mama mdogo akapeleka kipimo mwenyewe kwa Mtandao. Nilimfuata kununua mkaa wa pasi, maana siku ile umeme ulikuwa unakwenda na kurudi. Mtandao aliandika, akakunja uso. "Mama, simu inaniuliza kama tuna uhakika. Inasema ni kubwa kuliko ya watu wengi."

"Kipimo ni kipimo," mama mdogo akasema. "Bonyeza."

Akabonyeza.

Baba mdogo hakuiona hiyo miwani. Hakuumwa. Asubuhi moja alikata koti la Dereva, jirani yetu mwenye lori, jeusi, la kuvaa siku ya kumwozesha binti yake. Alimaliza kulikata, akavikunja vipande kimoja juu ya kingine, akasema anahisi kizunguzungu, ngoja akae. Akakaa. Mama mdogo alimwuliza kama anataka maji, na alipokosa jibu akadhani ni utani wake, akamwambia, "Haya, niringie." Kisha akageuka.

Sitaandika mazishi. Watu walijaa mpaka barabarani, na karibu kila mwanamume aliyebeba jeneza alikuwa amevaa suruali iliyokatwa na marehemu.

Siku watu walipopungua, Mtandao akaja na kifurushi. Alisimama mlangoni amekishika kwa mikono miwili. Mama mdogo akakifungua kwa mkasi mdogo wa nyuzi, taratibu, bila kuchana karatasi. Miwani ya fremu nyeusi. Akaivaa. Akatazama mlango, akatazama meza, akanitazama mimi.

"Unaona, mama?" nikamwuliza.

"Naona machozi," akasema. "Yakikauka nitaona vizuri."

Machozi yalikauka na hakuona vizuri. Mimi nilijua kabla hajasema, kwa miguu yake. Alikuwa akivuka kizingiti anainua mguu juu sana, kama sakafu imempandia. Alishika ukingo wa meza kabla ya kugeuka. Akishona, baada ya muda mfupi anabonyeza vidole pembeni mwa macho, anafumba, anapumua kwa mdomo. Mara nyingine alipeleka uzi kwenye sindano nikaona unaenda kulia kabisa, kama kuna sindano ya pili ambayo mimi siioni.

Kupima, kwa upande wake, alipima vizuri. Alipima kama alivyofundishwa, tepu inalala mwilini, na watu waliokuja kwa huruma wakaendelea kuja kwa sababu nguo zilikaa. "Mzee Tepu hajafa, kahamia kwa mkewe," walisema, na yeye alipenda kusikia. Chumba kilikuwa bado kinaishi. Kilichokuwa kinamkimbia ni mkono wake mwenyewe, yale matundu, ambayo sasa moja lilipanda na jingine lilishuka.

"Mama, labda miwani haikai sawa," Mtandao alimwambia. "Wale wauzaji wanatengeneza upya bila malipo, tukiwapelekea kipimo kipya tu. Tujaribu."

"Kipimo kipo."

"Huenda kilikosewa kidogo."

Mama mdogo akaivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge chake muda mrefu. "Hakikukosewa," akasema. "Ni mimi sijaizoea. Hata kiatu kipya kinauma."

Tangu lini kiatu kikauma muda wote ule? Lakini nilielewa. Ile miwani ndiyo nguo ya mwisho aliyopimiwa na mumewe. Akikubali kwamba haikumkaa, atakuwa amekubali pia kwamba Mzee Tepu, ambaye hakukosea kwa mtu yeyote mtaa mzima, alikosea mara moja, na mara hiyo ilikuwa kwake yeye. Hilo hakuwa tayari kulibeba juu ya yale mengine.

Ikafika zamu ya koti la Dereva. Alilishona kwa siku nyingi, kwa heshima, kama anamvisha mtu aliyelala. Lilikuwa limetokea vizuri mno. Yakabaki matundu ya mbele. Tundu la kifungo kwanza linashonwa kuzunguka, halafu kitambaa kinapasuliwa katikati kwa ncha ya wembe, na hapo hakuna kurudi nyuma. Aliinama. Akapasua. Nikasikia sauti ya kitambaa ikienda mbali kuliko inavyotakiwa kwenda.

Wembe ulikuwa umepita nje ya mshono, ukashuka kwenye kifua cha koti.

Hakulia. Aliweka kidole ndani ya ule mpasuko, akakipitisha upande wa pili, akakitazama kilivyotokea. "Nimechana mkono wake," akasema. "Huu ulikuwa mkono wake wa mwisho, nami nimeuchana." Kisha akavua miwani, akailaza juu ya koti, akakaa macho yakiwa wazi hayatazami kitu.

Dereva alikuwa muungwana. Alisema, "Yaliyokwisha yamekwisha, dada," akaenda kununua koti dukani. Ingekuwa afadhali angegomba.

Mama mdogo alikubali kwenda kupimwa baada ya hapo. Tulikwenda watatu, yeye, mimi na Mtandao mwenye simu, mpaka kwenye chumba kimoja cha wapima macho, chenye viti vya plastiki na ubao wa herufi kubwa na ndogo. Aliyetupokea alikuwa binti mpole, kucha fupi, anaongea taratibu. Akaishika ile miwani, akaweka alama ya kalamu kwenye kila kioo, halafu akachukua rula ndogo nyeupe, akaishika mbele ya uso wa mama mdogo, chini kidogo ya nyusi, imenyooka kabisa, haigusi pua.

"Tazama mlango ule mbali, mama. Usinitazame mimi."

Mama mdogo akatazama mlango. Binti akasoma, akasoma mara ya pili, akatikisa kichwa.

"Mama yangu, umeteseka bure. Kila kioo kina kitovu chake. Kitovu kinatakiwa kikae mbele ya mboni, hapa. Hivi vyako vimekaa pembeni huku na huku, kama vimegombana. Macho yako yanavutwa yavifuate, ndiyo maana kichwa kinauma na sakafu inapanda. Kipimo kimezidi sana." Akaishusha rula. "Nani alikupima?"

Nilikuwa nimekaa kando yake. Niliona mkono wake ukitafuta mkono wangu, ukaukuta, ukaubana.

"Nilijipima mwenyewe," mama mdogo akasema.

"Mwenyewe?"

"Kwenye kioo cha kujitazamia. Kwa tepu. Nikaipitisha juu ya pua."

Binti akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Pua haihesabiwi, mama. Ni mstari wa moja kwa moja, kama ndege anavyoruka."

"Sikujua," akasema mama mdogo. "Mume wangu ndiye aliyekuwa anajua kupima. Mimi nilifanya haraka, sikumwuliza."

Mtandao akapiga paja. "Ee mama! Na nyumbani ulikuwa na fundi mzima! Si ungemwambia?"

"Ndiyo hivyo. Kiburi."

Mkono wake haukuniachia mpaka tulipotoka nje.

Nyumbani, Mtandao alipokwenda zake, mama mdogo akakaa ukingoni mwa kitanda nyuma ya pazia. Akaniita. Nikaja nikasimama.

"Siku ile ya mvua ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, mama."

"Kwa watu wa mtaani, hukuwepo."

Nikamtazama. Bila miwani macho yake yalikuwa mekundu pembeni, na kwenye jicho moja lile doa la kahawia.

"Sikuwepo," nikasema.

Mtandao hakukusudia ubaya. Ni mdomo tu. Aliona ni kichekesho kizuri, akamsimulia anayenunua vocha, naye akamsimulia mwenzake, na ndani ya muda mfupi mtaa mzima ulikuwa na hadithi ya mke wa Mzee Tepu aliyejipima macho kama anayepima suruali, akazungushia tepu na pua. Watoto walipita mlangoni wameshika pua. Kwenye genge la mboga nilimsikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, "Mimi nilikuwa nampelekea gauni. Lakini mtu kama pua yake mwenyewe imempoteza njia, makalio yangu atayaweza?" Wakacheka wakashikana. Na mimi nilichukua nyanya zangu.

Wateja hawakugomba, walipungua tu. Waliendelea kumsalimia, tena kwa upole zaidi. Waliokuja walileta suruali ya kukunjwa pindo au zipu ya kubadilishwa. "Hapana, kunipima usijisumbue," walisema, "nakuja na ya zamani, fuata hiyo." Kazi ya kitambaa kipya, ya kupima na kukata, ikavuka barabara kwenda kwa kijana mmoja aliyefungua juzi. Meza ya kukatia tukaanza kuwekea vyombo.

Angeweza kuyamaliza yote kwa kusema neno moja. Nilingoja alitamke. Siku moja jioni nilishindwa nikamwambia, "Mama, wanasema hujui kupima. Na unajua."

"Waache waseme kuhusu mimi. Mimi nipo, naweza kujibu."

"Mbona hujibu?"

Akanyanyua pasi yangu, akaijaribu kwa kidole kilicholowa, akairudisha mahali pake. "Yeye alikuwa na kitu kimoja tu, mwanangu. Hakuwa na shamba, hakuwa na mtoto. Alikuwa na kipimo. Nikiwaambia, watakifukua kaburini wakichekelee. Sasa wanachekelea pua yangu, na pua yangu haijafa."

Miwani ya pili ilifika bila sherehe. Aliivaa, akavuka kizingiti kwa hatua ya kawaida, akakaa. Akatunga uzi mara ya kwanza tu, ukaingia, akauvuta mpaka mwisho. Tulitazamana. Mkono wake wote ulikuwa umerudi, na hapakuwa na koti hata moja la kuwekea tundu. Alichukua suruali ya mtu akaanza pindo.

Juzi Dereva alisimama mlangoni, lori linanguruma nyuma yake. Alileta zipu. Akakaa kwenye benchi akitazama kona iliyokuwa ya cherehani ya marehemu, ambayo tumeiuza.

"Dada, usinielewe vibaya," akasema. "Lakini angekuwepo Mzee Tepu asingekuacha ujipime."

"Asingeniacha kabisa."

"Yule mzee! Amenishonea tangu nina kiuno mpaka nimekosa. Hakukosea hata siku moja."

"Hata siku moja," mama mdogo akasema.

Alisema kwa sauti ya kawaida, akaukata uzi kwa meno, akamwambia zipu itakuwa tayari kesho.